Kianzishi, Diski Pacha na Mahali pa Hati

Diski mbili zinapofungamanishwa ili moja iwe nakala ya nyingine, mwenye mashine huwa na lengo moja tu: diski moja ikifa, kazi isife. Idara ya lugha iliyohamisha sauti za wasimulizi kutoka katika kanda na kuzitia ndani ya mashine ya namna hii hujiona imeweka akiba yake mahali pa salama. Hata hivyo hutokea, baada ya umeme kukatika au baada ya diski moja kubadilishwa, kwamba mashine huwashwa, ikatoa ujumbe mfupi wa kusema kuwa haioni sehemu ya diski inayotafutwa, kisha ikanyamaza. Diski zote mbili ni nzima na sauti zote zimo, ila mashine yadai kwamba hamna kitu.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jambo hilo hutokea katika mashine zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux, na ni kwa utaratibu gani chanzo chake hutafutwa. Hoja kuu ni kwamba, mara nyingi, kilichopotea si maandishi yenyewe bali ni ujuzi wa mahali pa kuyatafuta. Na kwamba hasara kubwa huletwa na mkono unaoharakia kuandika upya kabla ya kusoma yaliyokwisha kuandikwa. Msimulizi aliyefariki hawezi kurudi kusimulia mara ya pili. Kwa hiyo suala hili, ijapokuwa lina sura ya ufundi, linamhusu mhifadhi wa fasihi simulizi sawasawa na linavyomhusu fundi.

Istilahi

Yafaa kwanza maneno machache yafafanuliwe. Diski ni chombo cha kuhifadhia maandishi, picha na sauti kwa alama za namba. Uso wake umegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, ambavyo kwa desturi ya muda mrefu huhesabiwa kuwa na baiti 512 kila kimoja. Sehemu ni eneo la sekta zinazofuatana, lililotengwa kwa kazi maalumu. Na mipaka ya sehemu zote huandikwa katika jedwali la sehemu.

Kianzishi ni programu ndogo inayotangulia nyingine zote kusomwa kutoka katika diski. Kazi yake ni kukitafuta kiini cha mfumo wa uendeshaji, kukitia katika kumbukumbu ya mashine, na kukikabidhi madaraka. Kianzishi kilichoenea zaidi katika Linux ni GRUB, ambacho kilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995. GRUB ya kwanza iliishia kwenye toleo 0.97, GRUB ya pili, iliyoandikwa upya, ilifikia toleo 2.00 mwaka 2012.

Safu ni diski kadhaa, au sehemu za diski kadhaa, zinazofanywa zionekane kuwa diski moja. Wazo la safu lilielezwa na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika taarifa ya mwaka 1987 iliyochapishwa 1988. Wataalamu hao walionyesha kwamba diski nyingi zisizo ghali zingeweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama, mradi pawepo njia ya kuyaokoa yaliyomo endapo mojawapo itaharibika. Jina RAID, ambalo limeenea tangu hapo, linatokana na herufi za mwanzo za maneno yao ya Kiingereza. Daraja lake la kwanza, RAID 1, ndilo la diski pacha linalozungumziwa hapa zaidi.

Safu ya kiprogramu ni ile ambayo umoja wake hauletwi na kifaa maalumu, bali huletwa na kiini cha mfumo wa uendeshaji. Katika Linux safu hizo hutengenezwa na kusimamiwa kwa programu iitwayo mdadm, iliyotungwa na Neil Brown. Kila diski au sehemu iliyo mwanachama wa safu huandikiwa hati fupi inayotaja namba ya kipekee ya safu, idadi ya wanachama, na nafasi ya mwanachama huyo miongoni mwa wenzake. Hati hii ndiyo kiini cha mjadala unaofuata.

Mfuatano wa kuwaka kwa mashine

Mashine za ukoo wa IBM PC, iliyotolewa mwaka 1981, huanza na programu ya msingi iliyomo katika ubao mkuu. Programu hiyo, ambayo katika mashine za zamani huitwa BIOS, haijui safu wala faili. Huisoma sekta ya kwanza ya diski, basi. Kati ya baiti 512 za sekta hiyo, 446 ni za kianzishi, 64 ni za jedwali lenye nafasi za sehemu nne, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha.

Baiti 446 haziwezi kubeba maarifa mengi. Kwa hiyo kipande hicho cha kwanza hukiita kipande cha pili, ambacho huwekwa katika nafasi tupu iliyo kati ya sekta ya kwanza na mwanzo wa sehemu ya kwanza. Zamani sehemu ya kwanza ilianzia sekta ya 63, zikabaki sekta 62, yaani baiti 31,744. Desturi ya siku hizi ni kuanzia sekta ya 2048, yaani megabaiti moja kamili kutoka mwanzo wa diski. Katika diski zenye jedwali la aina mpya, liitwalo GPT, nafasi tupu ya namna ile haitegemewi. GRUB huhitaji sehemu ndogo iliyotengwa kwa ajili yake, na megabaiti moja yatosha.

Kipande cha pili ndicho kinachobeba moduli za kusomea jedwali, mfumo wa faili na safu. Kikifaulu, hukipakia kiini pamoja na mfumo mdogo wa muda, ambao ndani yake mdadm huiunganisha safu rasmi.

Hapa ndipo shida ilipo. Kinachojua kuunganisha diski ni kiini; nacho kiini kimo ndani ya diski hizo hizo ambazo bado hazijaunganishwa. Kianzishi kina njia mbili tu za kulivuka pengo hilo. Ama kiisome diski pacha mojawapo kana kwamba ni diski ya kawaida isiyo na mwenzake. Ama kiwe na elimu yake chenyewe ya kusoma hati za safu. GRUB ya kwanza ilitegemea njia ya kwanza. GRUB ya pili ina elimu ya safu, kwa moduli ziitwazo mdraid09 na mdraid1x.

Hati ya kichwani na hati ya mkiani

Kufaulu kwa njia hizo mbili kunategemea mahali ilipoandikwa hati ya safu. Hati za mdadm zina matoleo manne. Toleo 0.90 huandikwa karibu na mwisho, katika eneo linaloanza si chini ya kilobaiti 64 wala si kufikia kilobaiti 128 kutoka mwisho. Toleo 1.0 nalo hukaa mwishoni, kati ya kilobaiti 8 na 12 kutoka ukingoni. Toleo 1.1 hukaa mwanzoni kabisa, na toleo 1.2 hukaa kilobaiti 4 kutoka mwanzo. Tangu mwaka 2010 mdadm hutumia 1.2 pale ambapo mtumiaji hakutaja toleo alitakalo.

Msomaji aliyezoea miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hatapata taabu kuielewa tofauti hii. Mnakili wa utenzi aghalabu huandika jina lake na tarehe yake baada ya ubeti wa mwisho. Anayeufungua mswada huo kutoka mwanzo hukutana na utenzi wenyewe moja kwa moja, hata kama hajui habari ya mnakili. Lau mnakili angetanguliza kurasa kadhaa za habari zake, msomaji asiyeambiwa angezisoma kurasa hizo akidhani ndizo utenzi, akaona hazina vina wala mizani, akaurudisha mswada kabatini.

Ndivyo kilivyo kianzishi kisichojua safu. Sehemu yenye hati ya 0.90 au 1.0 huanza na mfumo wa faili mahali pake pa kawaida; kwa hiyo GRUB ya kwanza huweza kuisoma diski pacha bila kujua kwamba ina pacha. Sehemu yenye 1.1 au 1.2 huanza na mambo ya safu, na mfumo wa faili umesogezwa mbele, aghalabu kwa megabaiti moja au zaidi. GRUB ya kwanza ikielekezwa huko hutoa kosa namba 17, maana yake sehemu imeonekana katika jedwali lakini yaliyomo hayatambulikani. Hakuna kilichoharibika, msomaji ameanzia ukurasa usio wake.

Lakini hati ya mkiani nayo ina hatari yake, hususa ile ya 0.90. Pengine tenzi tatu hujalidiwa katika kitabu kimoja. Mnakili wa utenzi wa tatu huandika jina lake mwishoni mwa utenzi wake, mahali ambapo pia ni mwisho wa kitabu kizima. Anayefungua ukurasa wa mwisho aweza kudhani kwamba mnakili huyo ndiye aliyenakili tenzi zote tatu.

Jambo hilo hilo huipata diski. Hati ya 0.90 haitaji mahali ilipoandikwa. Ikiwa sehemu ya mwisho inafika ukingoni mwa diski, na mwanzo wake unaangukia mpaka wa kilobaiti 64, basi mahali pa hati ya sehemu hiyo na mahali ambapo hati ya diski nzima ingekaa ni pamoja. Programu inayochungulia mkiani yaweza kuihesabu diski nzima kuwa mwanachama wa safu, badala ya ile sehemu ya tatu. Hapo mwanzo wa safu huhesabiwa kutoka sekta ya kwanza ya diski, na mfumo wa faili hauonekani. Sehemu zilizopangwa kwa kufuata megabaiti kamili huangukia mpaka huo daima. Zile za desturi ya zamani ziliangukia kwa nadra. Hivyo diski iliyopangwa upya kwa desturi ya sasa yaweza kuonyesha kasoro ambayo diski ya zamani, yenye hati ya toleo lile lile, haikuionyesha. Matoleo ya 1.x yaliondoa utata huu kwa kuandika ndani ya hati mahali ilipo. Inapotazamwa kutoka mwanzo usio wake, hesabu haikubali.

Mahali pa kukwama

Fundi mwenye busara haanzi na dawa. Huanza kwa kuuliza mashine imekwama wapi, kwa sababu kila hatua ya mfuatano ina dalili zake.

Kwanza, huenda kianzishi hakisemi neno lolote, na programu ya msingi ikalalamika kwamba haina diski ya kuanzia. Safu ikiwa imeundwa kwa sehemu, sekta ya kwanza ya diski haimo ndani ya safu, wala nafasi ya kipande cha pili haimo. Upacha hauzihusu sekta hizo. Kama kianzishi kiliandikwa katika diski moja tu, na diski hiyo ndiyo iliyokufa, ya pili ina maandishi yote lakini haina mlango.

Pili, huenda GRUB ikaamka nusu na kuonyesha alama yake ya uokozi. Katika hali hiyo zimebaki amri chache tu, nayo ls ndiyo ya kwanza kutumiwa. Ikionyesha hd0 na hd1 bila sehemu yoyote, basi ama moduli ya kusomea jedwali haimo ama jedwali limeharibika. Ikionyesha sehemu lakini haitaji jina lolote la safu, moduli ya safu ndiyo inayokosekana, au hati haipo pale inapotarajiwa. Ikiitaja safu lakini haiwezi kuzisoma faili zake, basi utata wa hati uliokwisha kuelezwa hauna budi kushukiwa.

Hapa kuna fumbo la kuangaliwa. Moduli inayokosekana huweza kuongezwa kwa amri ya insmod, lakini GRUB huzitafuta moduli katika saraka yake. Na saraka hiyo ikiwa ndani ya safu, moduli ya kufungulia safu imefungiwa ndani ya safu yenyewe. Ndiyo sababu moduli hiyo haina budi kutiwa mapema katika kipande cha pili. Programu ya grub-install hufanya hivyo yenyewe, ilimradi iendeshwe wakati safu imeunganishwa na kuonekana. Katika diski ya zamani yenye sekta 62 tu za nafasi, kipande kilichojazwa moduli za safu huweza kutoenea.

Tatu, kianzishi huweza kusema kwamba kifaa chenye namba fulani ya kipekee hakipo. Aghalabu hilo huonyesha kwamba safu iliundwa upya ikapata namba mpya, ilhali kianzishi bado kinaitafuta ile ya zamani.

Nne, kiini huweza kupakiwa salama, kisha mfumo wa muda ukashindwa kuipata diski ya mizizi. Hapa kianzishi hakina lawama. Huenda faili ya usanidi wa mdadm iliyomo katika mfumo wa muda imepitwa na wakati, na safu iliyozoeleka kwa jina md0 ikaunganishwa kwa jina md127.

Katika mashine mpya zenye programu ya msingi ya aina ya UEFI, sura ya jambo hubadilika kidogo. Programu hiyo husoma faili, lakini katika sehemu maalumu yenye mfumo wa faili wa FAT, wala haijui safu. Wapo wanaoifanya sehemu hiyo kuwa pacha kwa hati ya 1.0, ili kila nusu isomeke peke yake. Njia hiyo hufanya kazi, ila programu ya msingi ikiandika chochote katika nusu moja, nusu ya pili haitajua, na pacha hukoma kufanana. Iliyo salama zaidi ni kuweka sehemu ya namna hiyo katika kila diski, na kunakili yaliyomo kila kianzishi kinapobadilishwa.

Kusoma kabla ya kuandika

Uchunguzi wote wafaa ufanywe kwa kuiwasha mashine kutoka chombo kingine, kama vile kijiti cha USB chenye Linux, bila kuandika chochote katika diski zinazochunguzwa. Amri ya mdadm --examine huisoma hati na kuionyesha. Iendeshwe juu ya kila sehemu, na pia juu ya kila diski nzima, kisha majibu yalinganishwe: toleo la hati, namba ya kipekee, na hesabu ya matukio. Hesabu hiyo huonyesha ni pacha yupi aliyeandikwa mwisho. Baada ya hapo safu yaweza kuunganishwa kwa kusoma tu, kwa amri ya mdadm --assemble --readonly, na mafaili yakanakiliwa nje. Mpaka nakala hiyo ipatikane, kazi nyingine zote zisubiri.

Makosa mawili hasa ndiyo yanayoangamiza. La kwanza ni kuiunda safu upya kwa amri ya --create kwa kudhani kwamba ni kuiunganisha tu. Safu ya zamani ikiwa ya 0.90, na amri isitaje toleo, hati mpya ya 1.2 huandikwa karibu na mwanzo, juu ya eneo lililokuwa la mfumo wa faili, na mwanzo wa maandishi huhesabiwa kwingine. Kisha usawazishaji huanza, pacha mmoja akinakiliwa juu ya mwenzake. Kama aliyechukuliwa kuwa chanzo ndiye aliyechelewa, kazi mpya hufunikwa na ya kale.

Kosa la pili ni kufuta hati inayodhaniwa kuwa ya ziada. Fundi huona hati katika diski nzima na hati katika sehemu ya mwisho, akaamua kuifuta ile ya diski nzima. Iwapo ni ule utata wa 0.90, hati hizo mbili ni moja, zikiwa na namba moja na hesabu moja ya matukio. Aliyefuta moja amefuta zote. Iwapo namba zatofautiana, huenda ile ya diski nzima ni mabaki ya safu ya zamani, na kuifuta kwaweza kuwa ndiyo dawa. Tofauti ya dawa na sumu hapa ni kusoma mistari michache.

Kwa safu ya 0.90 yenye utata, mdadm ina njia ya kuigeuza hati iwe ya 1.0 wakati wa kuunganisha, kwa chaguo la --update=metadata. Safu sharti iwe imefungwa vizuri, na isiwe na ramani ya maandishi yanayosubiri kusawazishwa. Kwa kuwa hati zote mbili hukaa mkiani, mfumo wa faili hausogezwi. Kisha grub-install iendeshwe juu ya kila diski, si juu ya moja. Na mfumo wa muda wa kuwashia uundwe upya ili ubebe usanidi wa sasa.

Anayeanza upya ana nafasi ya kuliepuka tatizo lote. Diski zigawanywe kwanza katika sehemu, ndipo sehemu zifungwe kuwa safu. Diski nzima zikifungwa kwa hati ya 1.2, hati hukaa katika sekta ya nane, ambapo kipande cha pili cha kianzishi kingetaka kukaa, na kimojawapo hukosa makao.

Hitimisho

Imeonekana kwamba kutoonekana kwa sehemu katika safu ya kiprogramu si jambo la bahati mbaya wala la uchawi wa mashine. Ni tofauti ya elimu kati ya wasomaji wanaopokezana: programu ya msingi isiyojua faili, kianzishi kijuacho kidogo, na kiini kijuacho yote lakini kinachofika mwisho. Kila mmoja huyatafuta maandishi pale alipofundishwa kuyatafuta.

Lililobaki ni la mwenye mashine. Diski pacha hazijathibitishwa kuwa pacha kwa sababu tu amri imesema zimesawazishwa. Baada ya nakala ya nje kuwekwa, mashine izimwe, diski ya kwanza ichomolewe, na mashine iwashwe kwa ya pili peke yake. Kisha ya kwanza irudishwe, safu iachwe isawazishwe mpaka mwisho, na jaribio lifanywe kwa upande wa pili. Mashine iliyopita majaribio yote mawili ndiyo inayostahili kukabidhiwa sauti za marehemu.